Mifuko ya kilo 25 isiyotimia: kisa cha kinu cha unga Lubumbashi

Lubumbashi unga wa bukari, yaani ugali, huuzwa kwa mfuko wa kilo 25, na mtu wa kwanza kugundua kwamba mfuko haujatimia si mkaguzi. Ni mama wa sokoni anayeufungua na kuuza kwa meka, chombo cha kupimia cha sokoni. Amezoea kupata idadi ile ile ya meka katika kila mfuko. Ikipungua anajua papo hapo, na wiki inayofuata ananunua kwa kinu kingine. Mfuko uliozidi haumlalamishi mtu yeyote, ndiyo maana hasara yake inaweza kukaa miaka bila kuandikwa popote.

Kinu tunachokichambua ni cha ukubwa wa kati, eneo la viwanda la Kampemba. Tumekiunda kutokana na hali wanazozijua wenye vinu wa mji huu: umeme unaokatika, jenereta, mahindi yanayotoka huku na kule, mashine ya kujazia ya bei nafuu. Namba za uzito ni za mfano, zimepangwa ili msomaji azifuate kwa kalamu na karatasi. Fomula na tabia za mashine ni za kweli.

Mashine na malalamiko

Unga unashuka kutoka kwenye hopa kwa parafujo ya wima yenye kipenyo cha milimita 150. Parafujo inazunguka mara 70 kwa dakika. Kila mzunguko unashusha lita 2.4 hivi, na kwa kuwa lita moja ya unga huu ina gramu 600 hivi, mzunguko mmoja ni kilo 1.4 na kidogo. Taima inaiwasha parafujo kwa sekunde 15, kisha inaizima: mizunguko kumi na saba na nusu, kilo 25. Mashine hii haipimi uzito hata kidogo. Inapima muda, na uzito unatarajiwa ufuate. Kwa zamu ya saa nane inatoa mifuko 1,440, yaani 180 kwa saa.

Malalamiko yalikuwa ya mifuko ya kilo 24.7 na 24.8. Mtunza ghala naye, siku hizo hizo, alikuwa akikuta mifuko ya 25.4 na 25.5. Mwenye kinu akatoa amri mbili: lengo lipandishwe, na kila mfuko uwekwe kwenye mizani, taima irekebishwe mara moja kulingana na kilichoonekana. Amri zote mbili zinaeleweka. Ya pili ndiyo iliyozidisha tatizo.

Kwanza mizani

Kabla ya kuchora chochote, mizani ilibidi ibadilishwe. Iliyokuwepo ni ya jukwaa, ya kilo 150, inayosoma kwa hatua za gramu 50. Mizani hiyo inafaa kupokea magunia ya mahindi, ila kwa kazi hii haifai. Mtawanyiko wa asili wa mashine, kama tutakavyoona, una mkengeuko sanifu, yaani umbali wa kawaida wa mfuko kutoka kwenye wastani, wa gramu 60. Ukisoma kwa hatua za 50, mifuko mitano itakupa namba mbili au tatu tu zinazojirudia, na chati itaonyesha ngazi badala ya mwendo wa mashine. Kanuni ya kazi ni kwamba hatua ya mizani iwe ndogo kuliko mkengeuko sanifu, na ikiwezekana iwe sehemu ya tano yake au chini zaidi. Ikawekwa mizani ya kilo 60 inayosoma kwa gramu 10, ikasimamishwa juu ya sakafu ya saruji iliyo sawa, mbali na feni. Kila asubuhi inapimwa kwa mawe ya kilo 20 na 5 kwa pamoja, na matokeo yanaandikwa.

Jambo la pili ni mfuko mtupu. Mfuko wa polipropileni wa kilo 25 una gramu sabini, themanini hivi, na msambazaji akibadilika uzito huo hubadilika. Pima mifuko mitupu kumi ya kila shehena mpya, chukua wastani, ondoa. Asiyefanya hivyo ataona chati yake yote inahama kwa gramu ishirini siku ya shehena mpya, na atamlaumu fundi bure.

Mkono unaosahihisha kila mfuko

Mfuko mmoja ukitoka na 25.08 na unaofuata 25.19, mashine haijabadilika. Unga haushuki kwa namna moja kila mara: kuna hewa ndani yake, kuna mtikisiko, kuna chembe zinazoshikana ukutani. Hayo ni mambo mengi madogo, kila moja likisukuma upande wake. Mwaka 1924 Walter Shewhart, akiwa Western Electric, kampuni ya kutengeneza vifaa ya kundi la simu la Bell nchini Marekani, alichora chati ya kwanza ya kutenganisha mtawanyiko wa aina hii na ule wenye chanzo maalumu kinachoweza kutafutwa na kuondolewa. Kinachosahaulika mara nyingi ni nusu ya kwanza ya wazo lake: chati inakuambia pia wakati ambao hupaswi kugusa kitu.

W. Edwards Deming, mtaalamu wa takwimu wa Marekani, alikuwa akilionyesha hili kwa faneli na gololi, lakini hesabu yake inatosha. Chukua mashine ambayo kila mfuko unakengeuka kutoka kwenye lengo kwa bahati yake, bila kuutegemea uliotangulia, mkengeuko sanifu ukiwa gramu 60. Mfuko umezidi gramu 70, mpimaji anapunguza taima kwa gramu 70. Mfuko unaofuata sasa unabeba bahati yake mwenyewe pamoja na masahihisho ya bahati ya mwenzake. Bahati mbili zimejumlishwa. Mraba wa mkengeuko unakuwa mara mbili, na mkengeuko wenyewe unakuwa mara 1.41. Gramu 60 zimegeuka gramu 85, na mfanyakazi hajafanya uzembe wowote. Alitii amri kikamilifu.

Ili mwenye kinu aamini, vilipangwa vipindi viwili vya siku moja, kwa unga mmoja na umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, bila kukatika. Kila kipindi kilikuwa na sampuli za mifuko mitano inayofuatana. Katika kipindi cha kwanza taima iliguswa baada ya kila mfuko: pengo la wastani kati ya mfuko mzito na mwepesi katika sampuli lilikuwa gramu 214. Katika kipindi cha pili taima ilifungwa kwa utepe na hakuna aliyeigusa: gramu 140. Theluthi nzima ya mtawanyiko ilikuwa ikitengenezwa na mkono uliokuja kuuondoa.

Kuchora chati

Chati iliyochaguliwa ni ya jozi: moja ya wastani wa sampuli, nyingine ya pengo. Kila nusu saa mpimaji anachukua mifuko mitano inayofuatana, haichagui, anaipima baada ya kujazwa na kabla ya kushonwa. Kufuatana huko kuna sababu. Tunataka ndani ya sampuli kuwe na mtawanyiko wa asili wa mashine pekee, ili mabadiliko ya saa hadi saa yajitokeze kati ya sampuli na sampuli. Ukichukua mfuko mmoja kila dakika sita mpaka itimie mitano, mabadiliko hayo yanaingia ndani ya pengo, vikomo, yaani mistari ya mpaka wa mtawanyiko wa kawaida, vinapanuka, na chati inaanza kusamehe kila kitu.

Mfano wa sampuli moja, kwa kilo za unga bila mfuko: 25.18, 25.10, 25.22, 25.06, 25.14. Wastani ni 25.14. Pengo ni 25.22 kutoa 25.06, yaani 0.16.

Zilikusanywa sampuli 24, taima ikiwa imefungwa. Wastani wa wastani zote ulitoka 25.169, na wastani wa mapengo gramu 143. Kwa sampuli za mifuko mitano, jedwali la chati hizi linatoa vikomo vya wastani kuwa mstari wa kati, yaani wastani wa wastani zote, kuongeza na kutoa 0.577 mara wastani wa mapengo. Kikomo cha juu cha pengo ni 2.114 mara wastani huo, na cha chini ni sifuri. Hivyo vikomo vya wastani vilikuwa 25.086 na 25.252. Sampuli nne zilitoka nje: mbili zenye 25.45 na 25.44, moja yenye 24.86, na moja yenye 25.30.

Nukta iliyo nje haifutwi kwa sababu ni mbaya. Inaondolewa kwenye hesabu pale tu chanzo chake kikijulikana na kikizuiwa kisirudi. Hapa vyanzo vilipatikana, kama ifuatavyo hapa chini, na baada ya kuziondoa sampuli hizo nne zilibaki 20 zenye wastani 25.150 na pengo la wastani gramu 140. Vikomo vya kazi: 25.069 na 25.231 kwa wastani, gramu 296 kwa pengo. Mkengeuko sanifu wa mfuko mmoja mmoja unapatikana kwa kugawa 140 kwa 2.326, namba ya jedwali lile lile: gramu 60.

Tunasisitiza njia hii ya pengo kwa sababu wengi wenye kompyuta hukimbilia kuiagiza iwape mkengeuko sanifu wa mifuko yote 120 kwa mkupuo. Kwa data hii jibu lingekuwa gramu 120 hivi, maradufu, kwa kuwa zile sampuli nne zinahesabiwa kama tabia ya kawaida ya mashine. Vikomo vingefika karibu 25.33 juu, na sampuli ya 25.30 ingekaa ndani kimya.

Jenereta

Sampuli tatu kati ya nne zilikuwa na kitu kimoja kinachofanana kwenye safu ya maelezo: umeme wa SNEL ulikuwa umekatika. Lakini mbili zilikuwa juu na moja chini. Hapo ndipo wafanyakazi walipokuwa wakisema mashine ina akili yake.

Mota ya parafujo ni ya kawaida ya induksheni. Kasi yake inafuata hezi za umeme. Umeme ukiwa hezi 50 inazunguka kwa kasi moja. Ukiwa hezi 50.6 inazunguka haraka zaidi kwa asilimia 1.2 hivi. Taima ya kielektroniki haijali hezi: inahesabu sekunde 15 zile zile. Asilimia 1.2 ya kilo 25 ni gramu 300.

Jenereta ya kinu ina gavana ya mitambo, yaani kidhibiti cha kasi ya injini. Kwa gavana za aina hiyo injini hulegea kadiri mzigo unavyoongezeka, na tofauti kati ya kutobeba kitu na kubeba mzigo kamili huweza kufika asilimia 4. Fundi alikuwa ameirekebisha isome hezi 50 kwa mzigo wa katikati. Kinu kikisimama na mashine ya kujazia ikiendelea kumaliza unga wa hopa, mzigo ni mdogo, hezi zinapanda hadi 50.6, mfuko unatoka 25.45. Mota kubwa ya kinu ikiwashwa, hezi zinashuka hadi 49.4, mfuko unatoka 24.85. Jenereta moja, saa moja, tofauti ya gramu 600 kati ya mifuko. Mama wa sokoni alikuwa na haki, na mtunza ghala pia.

Chati ya pengo haikuonyesha chochote wakati huo, na ilipaswa isionyeshe. Ndani ya mifuko mitano inayofuatana hezi hazikubadilika, kwa hiyo mifuko yote mitano ilihama pamoja. Pengo likipanuka peke yake, tafuta kitu kinachobadilika mfuko hadi mfuko: breki inayoteleza, unga unaoning'inia kwenye mdomo wa parafujo, mkono unaogusa taima. Wastani ukihama na pengo likatulia, tafuta kitu kilichohamisha mashine nzima. Kwa fundi, mgawanyo huu unaokoa saa nyingi za kufungua vipuri visivyo na hatia.

Sampuli ya nne, ile ya 25.30, ilikuwa ya kwanza baada ya mapumziko ya mchana. Unga uliotoka kusagwa una joto na hewa nyingi. Ukikaa kwenye hopa nusu saa unajishindilia, na lita ile ile inabeba gramu zaidi. Pengo la sampuli hiyo pia lilikuwa pana, gramu 200, ingawa ndani ya kikomo, kwa kuwa mfuko wa kwanza ulikuwa mzito kuliko wa tano.

Marekebisho

Dawa ya hezi ni kuacha kuhesabu sekunde na kuanza kuhesabu mizunguko. Kinawekwa kihisi cha ukaribu kando ya shafti, nacho kinamwambia kihesabio lini aizime mota. Kosa la kwanza linalofanyika hapa ni kuchomelea boliti moja kwenye shafti ili itoe pigo moja kwa kila mzunguko. Pigo moja ni kilo 1.4, huwezi kurekebisha kilo 25 kwa hatua za kilo moja na nusu. Inahitajika gia ya meno 60 kwenye shafti ya parafujo yenyewe: pigo moja linakuwa gramu 24, na mfuko mzima ni mapigo 1,050 hivi. Kihisi kikae milimita 2 hadi 3 kutoka kwenye meno, kwa kufuata umbali wa kazi ulioandikwa juu yake, na kifunikwe, kwa sababu vumbi la unga lenye mafuta ya kiini hujaa kati ya meno likibeba chembe za chuma, na mapigo yanaanza kurukwa. Mapigo yakirukwa mfuko unazidi. Chati ikionyesha kupanda, angalia gia kabla ya kugusa kihesabio.

Mizani iliyo chini ya mfuko, inayoikata parafujo kwa uzito wenyewe, ni bora kuliko yote haya, na mwenye mtaji aichukue. Hata hiyo inahitaji chati, kwa sababu unga ulio hewani wakati wa kukata hauko sawa kila mara.

Baada ya kuhesabu mizunguko, inabaki breki. Parafujo inatembea mzunguko mmoja na kidogo kwa sekunde. Breki ikichelewa sehemu ya kumi ya sekunde, zinaongezeka gramu 160 na kitu. Breki inayochelewa kwa kipimo kile kile haina shida, kihesabio kinapangwa kwa kuizingatia. Inayochakaa polepole ndiyo hatari, na kwenye chati hujionyesha kama nukta zinazopanda ngazi siku hadi siku, zote zikiwa bado ndani ya vikomo.

Kwa hopa, kiwango cha unga kinawekewa alama mbili, theluthi na theluthi mbili, na mjazaji hairuhusu itoke nje ya hapo. Baada ya kusimama zaidi ya dakika 20, mifuko miwili ya kwanza inarudishwa juu kwenye hopa, kisha sampuli inachukuliwa.

Mtawanyiko ukishatulia, ndipo lengo linaweza kushushwa. Pendekezo R 87 la OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, linaruhusu upungufu wa asilimia 1 kwa mifuko ya kilo 15 hadi 50. Kwa kilo 25 ni gramu 250, na mifuko inayovuka hapo isizidi asilimia 2.5, hakuna hata mmoja unaoruhusiwa kupungua kwa zaidi ya gramu 500, na wastani wa shehena usiwe chini ya kilo 25. Kwa mkengeuko wa gramu 60 na lengo la 25.050, umbali wa kufika 24.750 ni mikengeuko mitano. Hiyo ni nafasi ya kutosha. Kutoka 25.150 hadi 25.050 zinaokolewa gramu 100 kwa mfuko: kwa mifuko 1,440 ni kilo 144 kwa zamu, karibu mifuko sita.

Vikomo vipya vinahamia pamoja na lengo: 24.969 na 25.131. Mkaguzi wa ndani aliogopa alipoona kikomo cha chini kiko chini ya 25. Hofu hiyo inatokana na kuchanganya vitu viwili. Kikomo cha udhibiti kinaeleza mwenendo wa wastani wa mifuko mitano. Sampuli moja kuangukia 24.98 ni jambo la kawaida na wastani wa siku nzima unabaki 25.05. Ile 24.750 ni ya mfuko mmoja mmoja. Isichorwe kwenye chati ya wastani, kwa sababu wastani unaweza kukaa mbali nayo huku mfuko mmoja ukiwa tayari umeivuka.

Kanuni za zamu

Zilichaguliwa ishara mbili tu. Ya kwanza, nukta moja nje ya kikomo. Ya pili, nukta nane mfululizo upande mmoja wa mstari wa kati. Kampuni ya Western Electric mwaka 1956 ilichapisha kanuni nne, na wapo wanaozitumia zote. Ila kila kanuni inaongeza kengele za uongo. Kwa kikomo peke yake, mashine iliyotulia hutoa ishara ya uongo mara moja katika sampuli 370 hivi. Kwa kanuni zote nne ni mara moja katika 92. Kwa sampuli 16 kwa siku hiyo ni kila siku ya sita, na wafanyakazi wanaotafuta kitu kisichokuwepo kila wiki huacha kuitafuta hata ishara ya kweli.

Lipo pia jambo ambalo chati hailiwezi. Mashine ikihama kwa gramu 60, uwezekano wa sampuli moja kutoka nje ni kama asilimia 22. Kwa wastani itachukua sampuli nne au tano, zaidi ya saa mbili. Ikihama gramu 300, sampuli ya kwanza itaionyesha, lakini kati ya sampuli mbili kuna mifuko 90. Ndiyo maana kuna sampuli za ziada zisizongoja nusu saa: umeme ukibadilishwa kwenda au kutoka jenereta, baada ya kusimama, chekeche la kinu likibadilishwa, shehena mpya ya mahindi ikianza. Chekeche jipya linatoa unga wa chembe tofauti, na chembe tofauti ni uzito tofauti kwa lita.

Nukta ikitoka nje, mpimaji anachukua sampuli ya pili mara moja. Kama nayo iko nje, mashine inasimama, na mifuko yote tangu sampuli nzuri ya mwisho inatengwa na kupimwa mmoja mmoja. Kihesabio kinarekebishwa kwa tofauti kati ya wastani wa sampuli mbili hizo, mifuko kumi, na mstari wa kati. Mfuko mmoja hauna haki ya kubadilisha chochote. Aliyegusa anaandika saa, mapigo mangapi, na kwa nini. Safu hiyo ya maelezo ina thamani kuliko nukta zenyewe. Bila neno "jenereta" lililoandikwa kwa penseli, zile sampuli tatu zingebaki fumbo.

Mambo mawili huharibu chati taratibu, nayo yaangaliwe kila wiki. Moja ni nukta zinazokumbatia mstari wa kati: kumi na tano mfululizo zikikaa karibu sana nao, ama mtu anaandika namba bila kupima, ama mfuko ulio na kasoro unawekwa kando na mwingine unachukuliwa badala yake. Usianze kwa kufoka. Mara nyingi mpimaji ameshapigiwa kelele kwa ajili ya nukta mbaya, na sasa anajilinda. La pili ni vikomo vinavyohesabiwa upya kila Jumatatu. Vikomo vinabadilishwa pale mashine inapobadilishwa kwa makusudi na sampuli mpya zisizopungua 20 zimekusanywa. Vinginevyo vinafuata kuharibika kwa mashine, na kila kitu kinaonekana sawa.

Kasoro za mshono zinahesabiwa kando, kwa chati ya uwiano. Hapa neno ni moja: sampuli iwe kubwa. Kama asilimia 2 ya mifuko hushonwa vibaya, sampuli ya 50 inatoa kikomo cha juu cha karibu asilimia 8, ambacho ni kipana mno kusaidia. Kwa mifuko 200 kikomo kinashuka hadi asilimia 5.

Malalamiko yaliyobaki

Baada ya marekebisho, mifuko iliyotoka kiwandani ilikuwa sawa, lakini katika miezi ya kiangazi bado ilirudi michache yenye kilo 24.6 hadi 24.8, yote kutoka kwa wauzaji wanaoweka akiba ya wiki kadhaa. Chati ya kujazia ilikuwa imetulia tarehe zote za mifuko hiyo. Upungufu ulitokea nje ya kiwanda.

Mfuko uliofumwa kwa polipropileni unapitisha hewa. Lubumbashi kuanzia Juni hadi Agosti hewa ni kavu sana, na unga uliofungwa ukiwa na unyevu wa asilimia 14 unaendelea kukauka dukani. Kilo 25.050 zenye unyevu wa 14 zina kilo 21.54 za unga mkavu. Unyevu ukishuka hadi 13, mfuko una kilo 24.76, ukishuka hadi 12, una 24.48. Hakuna kilichoibwa, hakuna kilichomwagika.

Unyevu huo wa juu ulitoka kwenye maji yanayonyunyiziwa mahindi kabla ya kukobolewa ili ganda na kiini vilegee. Bomba lilifunguliwa kwa makadirio ya jicho. Hapa chati inayofaa ni ya kipimo kimoja kimoja, kwa kuwa unyevu unapimwa mara moja kwa saa na hakuna mifuko mitano ya kulinganisha. Unachukua tofauti kati ya kila kipimo na kilichokitangulia, unapata wastani wa tofauti hizo, na vikomo ni wastani wa vipimo kuongeza na kutoa 2.66 mara wastani wa tofauti. Kwa wastani wa asilimia 13.4 na tofauti ya wastani ya 0.30, vikomo ni 12.6 na 14.2. Yaani mchakato huo, ukiwa umetulia kabisa, bado ungeendelea kutoa unga wa asilimia 14. Chati peke yake haiwezi kuushusha. Ilibidi bomba liwekewe mita ya maji na valvu yenye alama, na lengo liwe asilimia 12.5 msimu wa kiangazi.

Mfuko ukirudishwa sasa unapimwa mara mbili, uzito na unyevu. Uzito wa unga unazidishwa kwa 100 kutoa unyevu wa leo, kisha unagawanywa kwa 100 kutoa unyevu ulioandikwa siku ya kufunga. Jibu likiwa 25.0 na zaidi, mfuko ulijazwa sawa na mazungumzo na muuzaji yanahusu namna ya kuhifadhi. Likiwa chini ya 24.75, daftari la zamu linafunguliwa kwenye tarehe ile na msako unaanzia kwenye safu ya maelezo.